Maegesho ya baiskeli kazini: ishikwe fremu, si tairi

Kwa miaka kadhaa nimesimamia stoo katika kiwanda kimoja hapa Jinja, na nimejifunza kwamba mfanyakazi anayetoka Walukuba au Bugembe kwa baiskeli hadai makubwa: anataka akimaliza zamu aikute baiskeli yake pale alipoiacha, nzima na kavu.

Mwanzoni tulikosea. Tulimwagiza fundi wa kuchomelea atutengenezee reli fupi zenye nafasi za kubana tairi la mbele, kwa kuwa zilikuwa rahisi na zilipendeza macho. Haukupita muda, mwenzetu wa zamu ya usiku akaikuta Roadmaster yake imelala ubavu, rimu imepinda na spoki tatu zimekatika. Alikuja stoo akaziweka zile spoki mezani kwangu bila kusema neno. Baiskeli ile ni nzito, na ikisukumwa kidogo tu, uzito wote huliangukia tairi lililobanwa. Isitoshe, mnyororo haukuifikia fremu, hivyo kilichofungwa kilikuwa tairi, ambalo mwizi mwenye spana huliacha hapo hapo na kuondoka na vilivyobaki.

Kinachofaa ni bomba la chuma lenye unene wa sentimita 5 hivi, likunjwe mfano wa herufi U iliyopinduliwa, lisimame sentimita 75 kutoka ardhini, na miguu yake izikwe ndani ya zege. Baiskeli huliegemea kwa fremu, moja kila upande, na kufuli hupita kwenye fremu na gurudumu kwa pamoja. Kati ya bomba na bomba acheni mita 1. Hapa ndipo wahasibu hubana, wakitaka sentimita 60 ili mabomba yaongezeke. Usukani wa huyu ukinasa kwenye breki za yule, watu huanza kuegemeza baiskeli ukutani kama zamani, na fedha imepotea. Kwa urefu tengeni mita 2, pamoja na njia ya kutosha mtu mwenye mzigo kwenye keria kugeuka.

Mahali pawe karibu na mlango wa wafanyakazi, mbele ya macho ya askari wa geti. Sisi tuliwahi kupaweka nyuma ya jenereta, na nadhani aliyefurahi ni mwizi peke yake. Paa ni lazima, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na mabati yatokeze mbele, maana mvua ya upepo kutoka ziwani huingia kwa ubavu. Sakafu iwe ya zege yenye mteremko kidogo.

Mwisho tulimwachia askari pampu na spana moja, tukazifunga kwa mnyororo. Siku hizi hata wauza chapati wa nje ya geti huja kujaza upepo, na hakuna anayewafukuza.