Maharage kumaliza mkaa Uyole

Dada, umesema tangu uhamie Uyole, hapa Mbeya, kutoka Dar maharage yanakula mkaa mara mbili. Si kosa lako wala la jiko. Mbeya iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, si 100. Hata uchochee vipi hayapandi zaidi, unateketeza mkaa bure, na huo mkaa ni miti ya miombo iliyokatwa.

Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, bandika na mfuniko. Yakishachemka kwa nguvu nusu saa, hamishia sufuria kwenye kapu lenye mablanketi chakavu, ufunike kwa mto mzito (Juni na Julai ongeza na khanga za zamani), uyaache kwa muda wa saa tatu au nne yaendelee kuiva kwa joto lake, bila mkaa. Yachemshe tena kidogo ndiyo uunge. Ule mchemko wa kwanza usiuruke kabisa, maharage mabichi yana sumu.

Ukipata hela, nunua sufuria ya presha. Hiyo ndiyo inayopandisha joto la maji kweli.