Re: Nianze na muvi gani ya mapenzi ya Kimalayalam?

Mkuu, umeuliza uanze na muvi gani ya zamani ya mapenzi kutoka Kerala kule India, wanakoongea Kimalayalam, mi nakwambia anza na Thoovanathumbikal ya 1987, ya mwongozaji Padmarajan. Mwigizaji Mohanlal ndo Jayakrishnan, kijijini mkulima mbahili, akifika mjini Thrissur mtu wa bata na washkaji, halafu moyo unagawanyika kati ya wanawake wawili, Radha na Clara. Sasa we angalia mvua, yaani jamaa anakaa kumwandikia Clara barua, hata hajawahi kumwona, na mvua inaanza kunyesha, basi toka hapo karibu kila Clara akitokea na mvua ipo. Na Clara, binti anayeingia kwenye ukahaba, hahukumiwi hata kidogo, hapo ndo paliponigusa kabisa. Tafuta yenye sabtaito, uangalie usiku umetulia.