Barua kwa mwanangu: hesabu bin, usihesabu herufi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Tumepokea habari ya kujifungua salama, na mkaza mwanangu mpe salamu zangu kabla hujasoma zaidi. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Umeuliza hivi: mtoto aandikwe Mazrui kama ilivyo kwenye pasipoti yako, au Al Mazrouei kama wanavyoandika wenyeji wa huko Abu Dhabi, kwa kuwa kila ofisi unayoingia wanakuuliza kama wewe ni wa kwao.

Hayo ni maswali mawili uliyoyafunga kwenye leso moja. La herufi ni jepesi. La "wa kwao" ndilo lililonikosesha usingizi wa mchana, na wewe hukuliuliza hasa.

Nianze na jepesi. Jina letu kwa Kiarabu, ukiiweka kando alif na lam ya mwanzo, lina herufi sita: mim, ze, re, wau, ain, ye. Shina lake ni lile lile lililotupa neno zeraa, yaani kilimo, na maana yake inazunguka kwenye kitu kilichopandwa. Kundi zima Waarabu huliita Mazari. Sisi Mombasa tunasema Mazrui kwa mmoja na kwa wengi. Matata yote yanatoka kwenye ain. Kiswahili hakina sauti hiyo, kwa hiyo wazee waliiacha ianguke, u na i zikabaki zimekaa bega kwa bega. Watu wa Ghuba bado wanaitamka, na wakiandika kwa herufi za Kizungu kila karani anaitafutia nafasi kwa njia yake: Mazrouei, Mazrooei, Mazroui, wengine wanatia alama ya mkato katikati. Jina ni moja, karani ndiye mwingine.

Hatari haiko kwenye kutoka Kiarabu kwenda Kizungu. Iko kwenye kurudi. Cheti cha kuzaliwa cha huko kina Kiarabu, na karani akiwa mbele yake ana pasipoti yako tu, ataisoma M-A-Z-R-U-I na kuigeuza kwa sikio. Ain haimo, basi ataandika mim, alif, ze, re, wau, ye. Hilo si jina letu. Halina shina wala maana, na mtoto akija kutaka kuoa au kurithi huko, jina lake la Kiarabu halitalingana na la babu yake hata kwa tochi. Kwa hiyo, kabla hujafika dirishani, andika jina lako lote kwa Kiarabu kwenye karatasi, wewe, mimi, babu yako na nisba, yaani jina la ukoo, ain yake wazi, umkabidhi mkononi. Ukipewa nakala ya kuhakiki, soma upande wa Kiarabu kwanza. Watu hukagua upande wanaoujua, wakatia sahihi kosa la upande wasioujua.

Sasa hilo la "wa kwao". Unajua msemo wangu, umeuchoka tangu chuoni: hesabu bin, usihesabu herufi. Nisba inakwambia mtu anajinasibisha na nani. Haikwambii babu gani. Huko uliko, Mazari ni moja ya makundi ya kabila la Bani Yas, watu wa Liwa, wengi kweli kweli, ndiyo maana unaliona jina lao kwenye mabango na mawizara. Huku kwetu ukikutana na mtu mwenye jina hili kwenye basi la Nairobi, unashtuka. Hata huyu kijana wa Morocco anayecheza mpira, Noussair Mazraoui, juzi mtoto wa jirani kaniuliza kama ni binamu yetu. Nikamwambia alete bin.

Na uchache wetu huku, mwanangu, nusu yake ni wa karatasi. Mazrui unawapata Mombasa, Takaungu, Gazi, Pemba, Unguja, Tanga, na wengine wamerudi Oman. Lakini kitambulisho cha Kenya kimezoea majina matatu: lako, la babako, la babu. Mtu aliyekuwa Salim bin Khamis bin Ali Al-Mazrui anaandikwa Salim Khamis Ali, basi, nisba imekwisha. Mwanawe akija kulitaka tena, hana cheti hata kimoja chenye jina hilo. Wanawake wetu hawalipotezi wakiolewa, maana bint fulani hubaki bint fulani, ila hawalipitishi. Katika nyumba moja ya ndugu watano unaweza kukuta wawili ni Mazrui na watatu si kitu, kwa sababu ya karani tu.

Ndipo nasema bin. Sisi ni wa upande wa Uthman. Yaani Muhammad bin Uthman, aliyetumwa kuwa liwali wa Mombasa na maimamu wa Yaarubi, watawala wa Oman wakati ule, miaka kadhaa baada ya Mreno kufukuzwa mara ya mwisho mwaka 1729. Ufalme wa Oman ulipohamia kwa Ahmad bin Said wa Albusaidi, Muhammad hakumtambua, akauawa ndani ya Ngome, yaani Fort Jesus, mwaka 1746. Nduguye Ali akatoroka kifungoni, akairudisha Ngome kwa msaada wa watu wa mji. Hilo la watu wa mji usilisahau, kwa sababu wanaosimulia habari zetu hupenda kuliruka. Pasingekuwa na Thelatha Taifa na Tisa Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, Mazrui wasingekaa Mombasa hata msimu mmoja wa kaskazi. Waliotawala miaka ile yote walitawala kwa ridhaa, na walipogombana wenyewe kwa wenyewe, ridhaa ikapungua. Walishindwa vitani Shela, huko Lamu, Pemba ikaenda, bendera ya Kiingereza waliyoiomba kwa Kapteni Owen mwaka 1824 ikateremshwa 1826, na mwaka 1837 Seyyid Said, sultani wa Albusaidi, akaingia. Wakubwa wao walikamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas. Waliosalia wakagawanyika, kaskazini Takaungu, kusini Gazi.

Hapa nikuoneshe kwa nini jina la ukoo peke yake ni ufunguo wa kufuli lisilojulikana. Mwaka 1895 liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki, na Waingereza wakamweka Rashid bin Salim. Aliyejiona na haki zaidi ni Mbaruk bin Rashid. Akashika silaha, akakimbilia kusini, akapokewa Gazi na nani? Na Mbaruk bin Rashid. Watu wawili, jina moja, baba jina moja, nisba moja, vita vile vile. Ukisoma barua za wakati ule ukidhani ni mtu mmoja, utamkuta yuko kaskazini na kusini siku hiyo hiyo. Bin moja haitoshi kuwatenga; panda juu, halafu uongeze mji: wa Takaungu, wa Gazi. Huyu wa Gazi ndiye aliyekuwa na boma la Mweli, likavunjwa Agosti 1895, na Aprili 1896 akavuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Kwa hiyo ukikutana na Mazrui wa Dar, usimwambie "nyinyi mmehamia". Muulize mwaka.

Basi, hesabu bin.

Lakini kuna siku kanuni hii ilinitia aibu, na tangu ujumbe wako uingie nayaona yale mabaraza tu. Ulikuwa mdogo. Alikuja mgeni kutoka upande wa Rustaq, Oman, mtu mzima, na daftari kubwa, anakusanya shajara, yaani mti wa nasaba, ya Mazari wa Afrika. Babu yako alikaa akazitaja bin tisa bila kukwama mpaka kwa Uthman, mgeni anaandika, kalamu inakimbia. Kisha akamgeukia yule mzee wa kahawa uliyekuwa ukimwita Babu Dele, akamuuliza, "Na wewe?" Babu Dele akataja jina lake, la babake, la babu yake. Akanyamaza. Kisha akamalizia: Mazrui. Babu yako akasema, "Huyu ni wetu." Mgeni akatabasamu, akanywa kahawa yake, akafunga kalamu. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya halua. Nilijua la kusema na sikulisema.

Ulilokuwa hulijui ni kwamba babu wa Babu Dele alikuwa mtumwa kwenye shamba la Gazi. Utumwa pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907. Ukirudi nyuma ya hapo, watu wengi bin zao zinakatika kwenye bin ya pili au ya tatu. Hazikatiki kwa kuwa hawakuwa na baba. Hakuna aliyeandika. Sasa kanuni yangu inasemaje? Hesabu bin. Na bin zake tatu. Nje.

Nimebishana na nafsi yangu juu ya hili miaka mingi. Najiambia, nasaba haigushiwi, Qur'ani iko wazi katika Surat Al-Ahzab, waiteni kwa baba zao. Halafu najijibu, soma aya mpaka mwisho, bwana: na kama hamuwajui baba zao, basi ni ndugu zenu katika dini na mawali wenu. Fiqhi ina mlango wake: iko nisba ya nasaba na iko nisba ya walaa, ya mtu na waliomwacha huru, na zote mbili zilibebwa na watu wakubwa katika Uislamu. Kwa hiyo Babu Dele hakuiba jina. Asingeweza kudai ni mwana wa Uthman, na hakudai. Alisema Mazrui, na lilikuwa haki yake. Mgeni alipaswa kumwandika kwenye ukurasa wake, na mimi nilipaswa kumwambia. Lakini basi nikisema hivyo, na wale wa Liwa je? Nao wanasema Mazari, na bin zetu hazikutani kwenye karatasi yoyote niliyonayo. Mtu aliyetulea na kuzikwa na sisi, na mtu mwenye herufi zetu zote sita hata ain: nani wa kwetu? Nimesema hesabu bin. Na bado nasema. Ila siku hizi naisema taratibu.

Nirudi kwenye karatasi, maana najua unataka karatasi.

Kwanza, jina la mtoto litafuata pasipoti yako. Ukitaka awe Al Mazrouei, wewe ndiye utakayebadilika kwanza, kisha yeye. Kwa Kenya maana yake ni hati ya kubadili jina mbele ya wakili, isajiliwe, itangazwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ndipo ubadilishe kitambulisho, ndipo pasipoti, kwa mpango huo huo. Ukianza na pasipoti utarudishwa.

Pili, fikiria kinachobaki nyuma. Vyeti vya shule, cheti cha ndoa, viza ya kazi, akaunti ya benki, vyote vina Mazrui. Na hati ya lile shamba ina jina la babu yako lililoandikwa kwa tahajia ya wakati wake. Siku ya mirathi Mahakama ya Kadhi itataka kujua kama huyu ni yule. Kila tahajia inayoongezeka ni kiapo kingine cha kuapa kwamba ni mtu mmoja, na mashahidi wake, nao mashahidi wanazeeka.

Tatu, hiyo "Al". Ukiiandika kwa kistari, kwenye ile mistari miwili ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine kistari hakimo. Kinageuka alama ya kujaza, na mashine inaona maneno mawili, AL kisha MAZRUI. Tiketi itasema ALMAZRUI, viza itasema MAZRUI, na wewe utasimama pembeni uwanja wa ndege ukieleza sarufi ya Kiarabu kwa mtu mwenye foleni ya watu mia. Kama unaitaka, chagua sura moja, iunganishe au iache, na karatasi zote ziwe hivyo. Sisi huku tuliiangusha zamani na hatukupungua kitu.

Nne, na hili ni bila kujali utakaloamua: mwandikie mtoto bin zake zote kwa mkono, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, uzihifadhi na cheti. Nakutumia nakala ya zile tisa kwa yule kijana anayesafiri wiki ijayo. Pembeni nimemwandika pia Babu Dele, bin zake tatu, na Gazi. Usimfute ukinakili.

Sasa utasema, baba, hukunijibu: Mazrui au Mazrouei? Wewe ni baba wa mtu sasa, uamuzi ni wako. Mimi sisemi. Nasema tu kwamba Profesa Ali Mazrui, yule msomi, alipofariki Marekani mwaka 2014 alirudishwa akazikwa kwenye makaburi ya Mazrui, hapo karibu na Ngome, na duniani kote alijulikana kwa herufi sita za Kizungu bila Al wala ouei, na hakuna aliyemuuliza ni wa wapi. Lakini sisemi.

Na jambo moja. Umeniandikia ujumbe mrefu kiasi kile juu ya jina la mwisho la mtoto, mamako kausoma, mimi nimeusoma, jirani kasomewa. Jina lake la kwanza nani?

Babako