Sikio la Mtoto Linalouma Kila Mara: Maswali ya Wasomaji wa Kigoma na Tabora

Barua za safari hii zimehusu masikio, na nyingi zinauliza kama chakula ndicho chanzo. Nimechagua tano.

Shikamoo daktari. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Tangu mvua zianze ameumwa sikio mara tatu. Jirani anasema ni dagaa na maziwa ya ng'ombe. Je, nimwachishe? (Mama, Mwanga, Kigoma)

Marahaba mama, na pole kwa usiku uliokesha. Dagaa usimwachishe hata kidogo. Hakuna ushahidi kwamba dagaa huleta usaha sikioni, na ukiwaondoa utamnyima mtoto protini na madini ya chuma, vitu ambavyo mwili wake unavihitaji ili upambane na maradhi hayo hayo unayoyaogopa.

Nyuma ya ngoma ya sikio pana chumba kidogo kiitwacho sikio la kati, nacho kimeunganishwa na sehemu ya nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Kwa mtu mzima mrija huo umeinama, hivyo majimaji hushuka kwa urahisi, lakini kwa mtoto mdogo ni mfupi, mwembamba na umelala karibu sawasawa. Akipata mafua, utando wa mrija huvimba na kuuziba, majimaji hukwama ndani, kisha vijidudu vilivyotoka puani hustawi humo. Ndiyo maana maumivu mengi ya sikio kwa watoto wa umri wa mwanao huanzia puani, na ndiyo maana huongezeka wakati wa mafua, hasa pale watoto wengi wanapolala chumba kimoja.

Kuhusu maziwa, wapo watoto wachache wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe ambao huumwa masikio mara kwa mara, lakini kwa kawaida utaona pia vipele, kuharisha, kutapika au kifua kinachotoa mluzi. Kama mwanao hana dalili hizo, sioni sababu ya kumnyima maziwa. Ningependa zaidi kujua anakunywaje. Mtoto anayenyonya chupa akiwa amelala chali, au anayelazwa mapajani na kumiminiwa uji huku analia, huweza kusukumiwa maziwa au uji hadi kwenye mrija ule. Mketishe, kichwa kiwe juu, na umpe kwa kikombe na kijiko bila kumlazimisha. Kwa wanaosubiri kujifungua, nawasihi wamnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kwa kuwa hiyo ni mojawapo ya kinga zilizothibitishwa vizuri. Kagua pia kadi ya kliniki: chanjo dhidi ya nimonia inayotolewa nchini katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hukinga dhidi ya mmoja wa vijidudu wakuu wa sikio la kati.

Madaktari huhesabu kwamba ugonjwa unajirudia mtoto anapougua mara 3 ndani ya miezi 6, au mara 4 ndani ya mwaka. Mwanao amefika hapo. Mpeleke achunguzwe sikio kwa kifaa chenye taa, wala usinunue tena dawa dukani kwa kukisia.

Sisi ni wakulima wa tumbaku, na wakati wa kukausha tunakesha kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto, pamoja na watoto. Wawili kati yao masikio hayaponi. Je, moshi unahusika? (Baba, Urambo)

Ndugu yangu, ukinipa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu katika nyumba yenye mtoto wa namna hii, nitaanza na moshi kabla ya kugusa chakula.

Ndani ya pua na katika ule mrija mna vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kufagia kamasi na vijidudu kuvielekeza kooni. Moshi huvilegeza vinyweleo hivyo, hufanya utando uvimbe, na kamasi hubaki palepale. Kwa moshi wa sigara jambo hili limethibitishwa kwa muda mrefu: watoto wanaoishi na mvutaji ndani ya nyumba huugua sikio la kati zaidi kuliko wenzao. Kwa moshi wa kuni ushahidi si mzito kiasi hicho, lakini njia unayopitia puani ni ileile, na mtoto aliyebebwa mgongoni karibu na tanuru la bani hupokea mwingi kwa usiku mmoja.

Najua zao haliwezi kusubiri, na moto wa bani ukizimika ovyo majani yanaharibika. Sikuambii uache kazi. Nakuomba wachochezi wawe watu wazima kwa zamu, watoto walale nyumbani upande usiofuatwa na upepo wa moshi, na anayevuta sigara avutie nje, mbali na mtoto, hata kama mvua inanyesha. Jikoni nako, dirisha au tundu la kutolea moshi juu ya mafiga hupunguza mengi. Mtoto mchanga asigeuzwe mlinzi wa chungu cha maharage kwa sababu tu mama hana pa kumweka.

Mjukuu wangu anatokwa usaha sikioni mwezi wa pili sasa. Namtia mawese ya uvuguvugu kama tulivyofundishwa na wazee. Mwenzangu wa Sikonge anasema asali ndiyo bora. Kipi ni sahihi? (Bibi, Ujiji)

Shikamoo bibi. Vyote viwili visiingie sikioni. Usaha unaotoka muda mrefu hivyo mara nyingi maana yake ni kwamba ngoma ya sikio imetoboka, na chochote kitakachomiminwa, kiwe mawese, asali au maziwa ya mama, kitapita hapo na kuingia ndani pamoja na uchafu wake. Hata baadhi ya dawa za matone zinazouzwa madukani, kama zile za gentamaisini, zinaweza kuharibu usikivu ngoma ikiwa imetoboka.

Sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi limeingia katika ugonjwa sugu. Wakati mwingine mtoto haoni maumivu yoyote, na wazazi hulizoea, kumbe usikivu unapungua, na mwalimu anakuja kumwita mzembe mtoto ambaye hasikii. Kwa hiyo mpeleke kituo cha afya wiki hii. Nyumbani, sokota kitambaa safi na laini kiwe utambi, kiingize taratibu, kitoe kikishalowa, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Asiogelee, na usizibe sikio kwa pamba ukaiacha humo. Wahudumu wakishauri kipimo cha VVU, bibi, usikasirike: usaha usiokoma ni mojawapo ya dalili zinazowafanya waulize.

Mawese yako yana kazi, ila mahali pake ni kwenye sufuria. Yakiwa bado mekundu yana kiini ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, inayoimarisha utando wa pua na koo. Yakichomwa hadi yageuke meupe, faida hiyo hupotea. Mtilie kwenye matembele au kisamvu, na apelekwe kupata matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6 hadi atimize miaka 5. Asali nayo asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja hata kwa kulamba, kwani huweza kubeba vijidudu vya sumu hatari kwa wachanga.

Mwanangu wa miaka minne anakoroma, analala mdomo wazi na masikio yanamsumbua. Nimeshauriwa akatwe kimeo. (Mama, Kasulu)

Mama, tafadhali usikubali. Kimeo hakihusiani na sikio, na kukikata kwa wembe kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi, maambukizi na hata pepopunda. Dalili unazozieleza zinaelekea zaidi nyama za puani, ambazo zikikua huziba mlango wa ule mrija wa sikio. Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Wengine hupona kwa dawa, wengine huhitaji upasuaji wa hospitali.

Nina kisukari, umri wangu ni miaka 63. Sikio linauma kila nikitoka kuoga ziwani, na ukilivuta linazidi. Nalisafisha kwa njiti ya kiberiti. (Mzee, Katonga)

Shikamoo mzee wangu. Sikio linalouma zaidi likivutwa mara nyingi limeathirika kwenye njia ya nje, ambako maji hulainisha ngozi na njiti huichubua. Acha njiti kabisa. Nta hutoka yenyewe. Baada ya kuoga inamisha kichwa kila upande maji yatoke, kisha futa sehemu ya nje tu.

Kwako, hata hivyo, chakula kinahusika moja kwa moja. Sukari ikiwa juu kinga hupungua, na chai yenye sukari pamoja na soda vitakurudisha palepale hata ukipewa dawa nzuri. Pima sukari kesho asubuhi. Na kama maumivu yanakunyima usingizi, au upande mmoja wa uso unalegea, usingoje kesho: nenda hospitali usiku huohuo, kwa sababu kwa mwenye kisukari ugonjwa huu huweza kufika kwenye mfupa wa fuvu.