Mume anachomea dhahabu jikoni, nami nina mimba

SWALI: Daktari, nina mimba ya miezi minne. Mume wangu ni mchimbaji mdogo hapa Geita, na kwa kuogopa wezi dhahabu yake, ambayo huikamata kwa zebaki, huichomea jikoni usiku. Akianza kuchoma mimi hutoka nje. Siumwi chochote. Je, zebaki inaweza kumdhuru mtoto?

JIBU: Inaweza, dada, na kwamba huumwi si kinga. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliosababishwa na zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, akina mama waliokula samaki wenye sumu walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo, ilhali baadhi ya mama hao walikuwa na dalili ndogo tu. Zebaki ile iliingia kwa chakula. Yenu ni mvuke. Lakini mvuke nao hupenya kondo la nyuma ukamfikia mtoto.

Mumeo akichoma lile donge la dhahabu na zebaki, zebaki haiteketei. Inageuka mvuke usio na rangi wala harufu, na takribani asilimia 80 ya unaouvuta huingia kwenye damu. Ule usiovutwa hupoa na kutua ukutani, darini, kwenye sufuria na nguo, kisha hufuka polepole hata siku ambazo hakuna kinachochomwa. Kwa hiyo kutoka nje hakutoshi.

Uchomaji uhame leo, ufanyike mbali na nyumba za watu, kwa retoti: chombo kilichofungwa ambacho hupoza mvuke ukarudi kuwa zebaki. Mwambie mumeo zebaki hiyo ataitumia tena, pengine hilo litamshawishi upesi kuliko maneno yangu. Retoti asiifungue ikiwa ya moto. Nguo za kazi azivue na kuziacha huko huko. Wewe usipike wala kulala karibu na jiko hilo, na usilifagie, maana ufagio hutawanya zebaki. Ukiwa na ndugu wa kukupokea kwa sasa, nenda.

Kliniki mweleze muuguzi haya yote bila kuficha kwamba anayechoma ni mumeo, na uulizie kipimo cha mkojo, ambacho ndicho huonyesha zebaki ya mvuke. Ukiacha kuivuta, kiasi kilichomo mwilini hupungua kwa takribani nusu kila miezi miwili, na ubongo wa mtoto bado unajengwa, kwa hiyo hujachelewa. Dawa za mitaani za "kusafisha damu" usiziguse. Dagaa endelea kula.