Rafiki wa Migori, shemeji wa Lamu na fedha za mashua

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi wa mashua, mkazi wa Matondoni, Lamu, nina mke na watoto watatu. Nimeuza mashua niliyoiunda kwa mikono yangu na nimebaki na shilingi 400,000. Rafiki niliyesoma naye yuko Migori akitafuta dhahabu, naye anataka nimtumie 300,000 za kukodi karasha, ile mashine ya kusaga mawe, na kulipa vijana wa kazi. Ameniahidi 60,000 kila mwezi. Nikimtajia hati hunijibu kwamba sisi ni ndugu, hati ya nini. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, naye ataka tushirikiane, ingawa hajui dhahabu wala mawe, na amenuna tangu asikie habari za huyo rafiki. Nimwamini nani?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili jicho langu limekwama penye zile shilingi 60,000 za kila mwezi. Dhahabu haina mshahara. Mtafutaji huweza kuchimba majuma mengi asione cha maana, kisha akakutana na mwamba uliobeba kitu, na kesho yake mwamba huo ukapotea. Na masika yanapoingia, kati ya Machi na Mei, mashimo hujaa maji na kuta zake hulegea hata watu wenye akili hukataa kushuka. Anayeijua kazi hiyo hawezi kukuahidi fedha zilezile Aprili na Agosti. Akiahidi, basi ama haijui, ama amekusudia kukulipa miezi miwili mitatu kutoka katika fedha zako mwenyewe, ili moyo wako utulie na utume nyingine. Tena wewe ni mtu wa Lamu, na bila shaka umewasikia mashekhe wakieleza mudharaba: mmoja hutoa mtaji, mwingine hutoa kazi, faida hugawanywa kwa sehemu waliyoafikiana, iwe nusu kwa nusu au theluthi, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mtaji ikiwa mwenziwe hakuzembea wala hakuhini. Kiasi kilichokatwa mapema, kipatikane kisipatikane, hakimo katika mlango huo.

Kuhusu neno lake kwamba ndugu hawaandikiani, mkumbushe, kwa upole, kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inawaamuru walioamini waandike wanapokopeshana kwa muda na waweke mashahidi. Aya hiyo haikuteremshiwa maadui.

Nami nina sababu yangu ya kusema hivi. Marehemu mume wangu aliwahi kushirikiana na mtu, ambaye sitamtaja, katika biashara ya nazi hapa Malindi. Kila tulipoomba hesabu tuliambiwa iko, tusiwe na haraka. Siku daftari lilipoletwa, lilikuwa safi ajabu: miezi mitatu mizima kwa wino mmoja, mwandiko umelala upande mmoja, hakuna doa la mafuta wala tarakimu iliyokatwa. Daftari la biashara huchafuka, mwanangu. Lile liliandikwa usiku mmoja. Tangu hapo, mtu akiniuliza habari za mshirika, humwambia kwanza alione daftari lake la biashara nyingine yoyote, hata iwe ya mkaa.

Sasa tuje kwenye dhahabu yenyewe, kwa maana hapo ndipo utakapompima rafiki yako. Muulize anachimba kwa kibali cha nani. Katiba yetu, katika kifungu cha 62, inayaweka madini yote katika ardhi ya umma, kwa hivyo kusema kwamba shamba ni la mjomba wake hakutoshi. Mwenye shamba ni wa kuafikiana naye, lakini si yeye anayetoa ruhusa ya kuchimba. Sheria ya Madini ya 2016 imeweka vibali vya wachimbaji wadogo, na inatenganisha kibali cha kutafuta na kibali cha kuchimba. Akikupa jina na nambari ya kibali, nenda ukaulize katika ofisi ya serikali inayohusika na madini huko huko. Akikupa picha tu, picha haina kazi. Jiwe linalong'aa kwenye simu laweza kuwa pairaiti, ambayo hung'aa kuliko dhahabu lakini ukiigonga kwa nyundo husagika kuwa unga mweusi, ilhali dhahabu hubonyea na kutanuka.

Kisha muulize habari za marudio, na usikilize kwa makini atakavyojibu. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa juu ya ubao uliotandikwa magunia au zulia ili dhahabu, kwa uzito wake, inase. Kinachonasa huchanganywa na zebaki, hukamuliwa kwa kitambaa, na tonge linalobaki huchomwa hadi zebaki ipae kwa moshi. Njia hiyo huacha dhahabu nyingi mchangani. Mchanga huo ndio marudio, nao una wanunuzi wake, ambao huupitisha tena kwa dawa ya sayanaidi. Wengi wenye mtaji hugawana kile kidonge kilichotoka motoni wakaridhika, huku mshirika akiuza lundo la mchanga peke yake baada ya wao kuondoka. Rafiki mwaminifu atakutajia marudio kabla hujauliza. Na akikueleza kwamba zebaki huichomea jikoni anakopikia mkewe, mkatalie ushirika kwa hilo peke yake, kwa sababu moshi ule ni sumu, na huwadhuru zaidi watoto na mimba. Asiyewahurumia wa nyumbani kwake hatakuhurumia wewe uliye Lamu.

Mgawo usikutishe, maana unaujua tangu utoto. Wavuvi wakirudi pwani, hutolewa kwanza gharama za mafuta na barafu, chombo kikapata fungu lake, nyavu fungu lake, na mabaharia mafungu yao, na yote hufanyika mchangani mbele ya macho ya watu. Taka vivyo hivyo: gharama kwanza, kisha mafungu yaliyoandikwa, marudio yakiwamo, na mizani iwekwe mahali ambapo wewe au mtu wako anaisoma. Fedha zako pia zisiende kwenye simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata akikwambia laini yake ina matatizo.

Shemeji yako si mshirika wa kazi hii. Hajui mawe, na hasara yake italala kitandani mwenu. Lakini hukunieleza jambo moja ambalo ningelitaka kulijua kuliko yote: kila mmoja wao huilipaje 500 aliyokopa? Ikiwa shemeji hulipa bila kukumbushwa na hesabu yake huwa sawa, mpe ujira, si fungu, akakae Migori kwa mzunguko mmoja wa kazi, tangu kuchimba hadi kupima, akiandika mifuko inayosagwa na gramu zinazopimwa. Huenda akaacha kununa, kwani mara nyingi mtu hununa kwa kuona hakuhesabiwa. Naye rafiki yako akimkataa mtu wa daftari, barua yako imekwisha kujibiwa na yeye mwenyewe.

Usitoe 300,000. Toa 50,000 kwa mzunguko huo mmoja, kiasi ambacho kikipotea utakisikitikia lakini watoto watakula, na nyingine zisubiri mbao za mashua ijayo. Kabla ya hata hizo 50,000, vuka hadi Mokowe, bara, ukapande basi uende ukaione kazi kwa macho yako. Shimoni usishuke. Na siku utakayofika, usimwambie rafiki yako.