Waslavi Walitoka Wapi? Maswali Yenu Kuhusu DNA ya Kale

Waslavi ni akina nani? Si ndio Warusi?

Warusi ni kundi moja tu. Wamo pia Waukraine, Wabelarusi, Wapoland, Wacheki, Waslovakia, Waserbia, Wakroatia, Wabulgaria na wengineo. Kinachowakusanya ni lugha. Dini zimewagawa siku nyingi: kuna Waorthodoksi, Wakatoliki, na kule Bosnia Waislamu.

Chimbuko lao limeshajulikana?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu wa kale 555, ukiongozwa na Taasisi ya Max Planck ya Leipzig. Unaelekeza kwenye ukanda wa kutoka kusini mwa Belarusi hadi katikati ya Ukraine. Kati ya karne ya 6 na ya 8, wenye asili ya huko walienea kiasi kwamba mashariki mwa Ujerumani, Poland na Kroatia zaidi ya asilimia 80 ya vinasaba vya wakazi ikawa yao. Waliokuwa wakishikilia kwamba Waslavi hawakuhama popote, kwamba Poland ndiko kwao tangu enzi na enzi, sasa wana kazi ngumu.

Mbona jambo hili limechelewa kujulikana, na Ulaya imejaa makumbusho?

Swali zuri kuliko yote. Waslavi wa mwanzo walichoma maiti zao, na moto hauachi DNA ya kusomeka. Kwa hiyo kizazi kile kile kilichoanza kuhama ndicho ambacho mifupa yake hatuna. Watafiti wanategemea makaburi ya kuanzia karne ya 7, watu walipoanza kuzika, kisha wanarudi nyuma kwa hesabu.

Vitu walivyoacha navyo havisaidii sana: vyungu vya kufinyangwa kwa mkono visivyo na nakshi, na vibanda vilivyochimbwa nusu ardhini. Maandishi yao hakuna. Waliowaandika katika karne ya 6 ni watu wa nje, wanahistoria Procopius na Jordanes, na Procopius alikuwa upande wa dola ya Bizanti, yaani Roma ya Mashariki, iliyokuwa ikipigana nao. Ushahidi wa adui mimi huupokea kwa tahadhari.

Walivamia wakawaua wenyeji?

DNA haionyeshi panga. Inaonyesha kwamba waliohama walikuwa wanaume na wanawake pamoja, yaani familia, si jeshi la vijana. Mashariki mwa Ujerumani makaburi yanaonyesha koo kubwa zilizofuata upande wa baba. Sehemu nyingi za huko zilikuwa zimebaki na watu wachache hata kabla hawajafika. Kusini mambo yalikuwa mengine, wageni wakaoana na wenyeji: utafiti wa mwaka 2023 ulikadiria kwamba watu wa leo wa Balkani, yaani kusini-mashariki mwa Ulaya, wana kati ya asilimia 30 na 60 ya asili hiyo.

Inafanana na ile habari ya makaburi ya Waswahili?

Mbinu ni ile ile, matokeo ni tofauti. Mifupa ya Mtwapa, Manda na Kilwa, iliyochapishwa mwaka 2023, ilionyesha asili ya Kiafrika iliyoingia zaidi kupitia akina mama, na ya Kiajemi kupitia akina baba. Kwa Waslavi pengo hilo la wazazi halionekani.

Nimeolewa na Mpoland. Kipimo cha DNA cha mume wangu kimeandika R1a. Huo ndio Uslavi?

Hapana, shemeji yetu asijivunie mapema. R1a ni alama ya ukoo wa baba, imewatangulia Waslavi kwa maelfu ya miaka, na imejaa India na Asia ya Kati pia. Matawi yake madogo yanaweza kudokeza kitu, lakini bado yanamhusu baba wa baba wa baba yake tu. Bibi zake wote hawamo humo.